Mwalimu Aliyetaka Ufunguo

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa imani ya mtu aliyeona kwa macho yake, kwamba rais wa Marekani huchaguliwa na mzee mmoja mkulima wa mahindi anayekaa Nebraska. Sitanii. Nilivyoelezwa ni kwamba Wamarekani wote, mamilioni kwa mamilioni, hutukanana kwenye televisheni mwaka mzima, wakapiga kura zao, na kila mara hesabu ikafungana sawasawa. Hapo hutumwa gari jeusi mpaka shambani kwa yule mzee. Anakutwa juu ya trekta. Anazima trekta, anajifuta jasho, anataja jina, anawasha trekta. Kwisha. Dunia imepata rais.

Aliyenipa habari hizi ni Wafula, Mkenya niliyefanya naye kazi kwenye ghala la vigae kule Rusayl, Oman. Wafula aliendesha foklifti na alijua siasa za nchi zote duniani isipokuwa ile aliyokuwa akiishi.

"Nakuambia hivi, boss," alisema huku akimega chapati, "hao wengine wote ni wa kupigwa picha tu. Huyo mzee ndiye tume yao ya uchaguzi. Yeye pekee yake."

"Na akifa?"

"Si ako na mtoto?"

Nikaona jawabu limekamilika. Jioni ile ile nikaipeleka habari darasani, nimeibeba kama sinia la halwa, na niliyempelekea ndiye ninayetaka kumwandika hapa.

Tulimwita Mwalimu. Jina analo, lakini katika mitaa yetu ya Al Khuwair ukisema Mwalimu hapakuwa na wa kuuliza yupi. Alikuwa mwanamke mrefu, mrefu kiasi kwamba akisimama katikati ya darasa sisi wa mbele tuliiogopea feni. Alipostaafu skuli za serikali hakukaa nyumbani hata wiki. Alifungua darasa la jioni la watu wazima, wale waliokatisha masomo wakiwa wadogo na sasa wanaitaka shahada yao ya sekondari. Palikuwa na madereva, mama wa watoto sita, mlinzi wa benki, na mimi wa vigae. Tulisoma katika chumba cha pembeni cha sabla, ule ukumbi wa mtaa ambamo watu wetu huozeshana, hupeana mkono wa tanzia, na baina ya hayo mawili hunywa kahawa na kuambiana uongo.

Nilihadithia habari za mzee wa mahindi kwa dakika nyingi, na trekta nikalitia mlio. Mwalimu akanipa chaki.

"Andika ubaoni."

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Hayo hayo usemayo."

Nikaandika kwa herufi ambazo ungeweza kuzisoma ukiwa baharini: RAIS WA AMERIKA HUCHAGULIWA NA MZEE MMOJA WA MAHINDI. Akatazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa kitambaa kizuri, akasema, "Haya, tuendelee na hesabu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kosa lako hakulifuta yeye. "Ubao hauna haraka," alisema. "Alokosea ndo mwenye kifutio." Mlinzi wa benki aliwahi kuandika kwamba jua huzunguka Oman, na sentensi ile ilikaa pale mpaka yeye mwenyewe akaja mapema siku moja, akaifuta bila ya kusema na mtu, akakaa. Mwalimu alipoingia akamwambia tu, "Sabahi njema," ingawa ilikuwa magharibi.

Yangu ilikaa zaidi. Watu waliokuja ukumbini kwa tanzia waliichungulia mlangoni. Mzee mmoja alinisimamisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama yule wa mahindi ana jamaa zake Sohar.

Mimi aliniita Chumvi, kwa sababu ya namna ninavyosimulia. "We Chumvi, sema tena, lakini mara hii bila ya wewe kuwemo." Alikuwa mkali wa ukweli kuliko mizani ya duka la dhahabu, isipokuwa kwa jambo moja, umri wake. Kwa maelezo yake mwenyewe amekuwa na miaka sitini tangu siku ya kwanza nilipomjua, na mwanawe wa kwanza sasa anakaribia kumpita. Simu darasani aliziharamisha. Ya kwake ikilia alisema, "Hii si simu, hii ni dharura," na sote tukasikia dharura ikimwuliza kwa sauti kubwa samaki wa kupaka atiwe ndimu ngapi. Alitufundisha haki ya kila mtu kutoa rai, na nyumbani kwake mumewe, bwana mpole aliyefanya kazi wizarani kule Maskati, alikuwa hagusi rimoti bila ya ruhusa. Tulimwuliza siku moja, "Mwalimu, hapa nyumbani uchaguzi lini?"

"Hapa hakuna uchaguzi," akasema. "Hapa kuna chakula."

Na gari! Alishika njia ya mwendo wa kasi kwenye barabara kuu, akaenda humo taratibu kama bibi harusi. Kutoka Al Khuwair mpaka Rusayl angeondoka Ramadhani akafika Idi. Nyuma yake honi zilikuwa kama harusi yenyewe. "Wana haraka ya kwenda wapi?" alituuliza. "Afisi haiendi popote, imejengwa."

Lakini juu ya chakula hakudanganya hata siku moja, na hilo ndilo lililomponza. Kwenye shughuli moja ya mtaani, wageni wamejaa, khalati yangu alileta maandazi yake. Khalati ni ndugu wa kike wa mama yangu, na maandazi yake katika ukoo wetu yana heshima kuliko baadhi ya wajomba. Mwalimu akamega moja, akatafuna, akaulizwa yakoje.

"Mabichi ndani," akasema.

Tangu hapo wale wawili hawakusemezana. Miaka! Walisalimiana kupitia watoto. "Mwambie Mwalimu alaikumu salamu." Nyumba zao zilitazamana, madirisha yao yalitazamana, wao hawakutazamana.

Siku niliyofuta ubao naikumbuka vizuri. Mwalimu alikuja na kapu la vikombe vya kahawa, vile visivyo mikono, akavipanga mezani. Marekani, alisema, haihesabu vichwa vya watu nchi nzima. Inahesabu majimbo. Kila jimbo lina wajumbe wake, na wajumbe wote pamoja ni mia tano na thalathini na nane. Anayefikisha mia mbili na sabini ndiye rais. Karibu kila jimbo, mwenye kushinda humo anachukua wajumbe wote wa jimbo, hata akishinda kwa mtu mmoja. Majimbo mawili tu hugawa: Maine na Nebraska.

Niliposikia Nebraska nikakaa wima.

"Nebraska ina kura tano za wajumbe," akasema, akavitenga vikombe vitano. "Mbili zenda kwa mshindi wa jimbo zima. Tatu zilobaki, kila wilaya yatoa yake moja. Sasa nipeni akili zenu. Nchi nzima ishahesabiwa. Huyu kapata mia mbili sitini na tisa. Huyu mia mbili sitini na nane. Imebaki moja, ya wilaya moja ya Nebraska." Akakishika kikombe kimoja juu. "Ikenda huku?"

"Mia mbili sabini!" tukapiga kelele.

"Rais. Ikenda kule?"

"Wamefungana!"

"Wamefungana. Na hapo Bunge lao ndo litaamua, na kila jimbo litakuwa na kura moja, kubwa kwa dogo." Akakiweka kikombe chini polepole kama kimejaa. "Mwaka elfu moja mia nane sabini na sita mmoja alipata wajumbe mia na themanini na tano, mwenzake mia na themanini na nne. Moja! Na yule aloshindwa ndo alokuwa kapigiwa kura na watu wengi zaidi."

Mama wa watoto sita akasema, "Subhanallah," kama aliyesikia habari za jirani.

"Lakini hiyo wilaya moja," Mwalimu akaendelea bila ya kunitazama, "ina watu malaki. Wenye matrekta na wasonayo."

Nikainuka, nikachukua kifutio, nikafuta mzee, mahindi na vyote.

"Umefuta yote?" akaniuliza.

"Yote, Mwalimu."

"Hm," akasema.

Ile "hm" ndiyo iliyonisumbua. Nilifuta ubao, lakini moyoni neno "mmoja" nililiacha.

Haukupita muda mrefu Marekani ikahamia kwetu. Sabla ina mkuu wake, ambaye kwa utani tunamwita Rais, na alama yake ya urais ni ufunguo wa ukumbi. Aliyekuwa nao ni Haji, mzee mwenye sauti ya redio na moyo mpana, aliyependa mambo mawili: keramu na mpira. Muda wake ulikwisha, akasema anagombea tena, na ahadi yake ni kwamba chumba cha pembeni kitatiwa televisheni kubwa kama mlango wa gereji, na vijana watazame mpira kila jioni. Kila jioni ndiyo jioni zetu. Mtihani wa shahada umekaribia, na hatukuwa na pahala pengine. Nyumba za kwetu ukiweka wanafunzi ishirini sebuleni, wenye nyumba itabidi walale kwenye gari. Tukikosa chumba tumekosa mtihani, na mama wa watoto sita alikwisha sema waziwazi kwamba akirudi nyumbani safari hii harudi tena darasani.

Mwalimu alikwenda kwa Haji kumwomba. Haji akamtilia kahawa, akamsifu, akamwambia elimu ni nuru, na jawabu ni hapana.

"Basi na mie nnagombea," Mwalimu akasema.

Habari ilizunguka mitaa yetu kabla hajafika kwenye gari lake, na kwa mwendo wake hilo si la kustaajabisha. Mwanamke aongoze sabla? Wazee wawili walimfuata nyumbani kumshauri.

"Bi Mwalimu, utakaa nasi kule ukumbini, na wanaume?"

"Sitaki mito yenu, wala sitaki kahawa yenu, mwatia hiliki nyingi mno. Nnataka ufunguo."

Kuchagua mkuu wa sabla kwetu kuna taratibu zake za tangu zamani. Tuna mitaa saba, na kila mtaa una sauti moja, mkubwa kwa mdogo, kwa sababu kila mtaa hupika sufuria moja shughuli zikitokea. Nyumba za mtaa hukubaliana zenyewe. Wengi wakisema fulani, mtaa mzima ni wa fulani. Kisha mjumbe wa mtaa hupewa kokwa ya tende, iliyooshwa na kuanikwa ikakauka, akaitie katika kikombe kimoja kati ya viwili vilivyofunikwa kawa. Kokwa haina jina la mtu. Hakuna wa kumnunia mwenziwe.

Mjumbe wa mtaa wetu nilikuwa mimi, kwa sababu wengine walisema Chumvi atazungumza hata tukimkataza. Nilipita nyumba hadi nyumba. Niliahidi mambo ambayo hata serikali isingethubutu. Mtaa wetu una nyumba tisa: nne zikasema Mwalimu, nne zikasema Haji. Imebaki moja. Ya khalati.

Nilimkuta anakanda unga.

"Khalati, nimekuja."

"Nakuona. Na najua ulokujia. Toka."

"Khalati, darasa litafungwa. Sitapata shahada. Nitakufa na vigae."

"Wamekufa na vigae walokushinda wewe."

Nikamweleza habari za Nebraska, wilaya moja, kikombe kimoja juu. Nikamwambia kwamba yeye, khalati, hapa alipo na unga mikononi, ndiye anayeamua mtaa, na mtaa unaamua ukumbi, na ukumbi unaamua maisha yangu na ya wajukuu zangu ambao bado sijawapata. Akaendelea kukanda. Alikanda mpaka nikaona huruma kwa ule unga.

"Yule mwanamke simpendi," akasema mwisho.

"Najua, khalati."

"Mbele ya wageni!"

"Najua."

"Lakini yale maandazi," akasema, akaugeuza unga upande wa pili, "kweli yalikuwa mabichi. Wote wale waloyala siku ile walinambia matamu. Nenda. Sema Mwalimu. Na mlango uufunge, inzi wataingia."

Siku ya kura sabla ilijaa. Sinia za tende zilizungushwa kwanza, kisha kahawa, kama desturi. Wanaume walikaa kwenye mito kuzunguka kuta. Mwalimu alikaa kwenye kiti ndani ya chumba cha pembeni, mlango wazi, mikono mapajani, anaonekana kama amekuja kusimamia mtihani. Haji alikaa karibu na vikombe, kwa kuwa ndiye mwenyeji. Kokwa yangu niliishika kwa nguvu tangu nyumbani. Nilihisi nimeshika almasi. Zamu yangu ilipofika nilitia mkono chini ya kawa la kikombe cha Mwalimu, nikaiachia, nikasikia "tik". Sijawahi kusikia muziki mzuri kuliko huo.

Mwadhini wetu, ambaye hakuna asiyemwamini, akafunua na kuhesabu kwa sauti. Cha Mwalimu: nne. Cha Haji: nne.

Ukumbi ulichukua muda kufahamu. Kisha mtu mmoja akasema, "Mitaa saba, kokwa nane?"

Loo! Palizuka zogo ambalo nadhani lilisikika Salala. Kila mtu alimtazama mwenzake kama mwizi wa kuku. Mwadhini akazigusa kokwa moja moja. "Hizi kavu. Hii ya Mwalimu imelowa. Na hii ya Haji nayo imelowa."

Mpwa wa Haji akaruka. "Ya Mwalimu imelowa! Hiyo ndiyo bandia!"

"Imelowa jasho langu!" nikapiga kelele, nikanyoosha mkono. "Shikeni! Natoa jasho kama mtungi!" Watu wakashika mkono wangu kweli. Mtu mmoja akajifuta.

Sauti ya Mwalimu ikatoka chumbani, si kubwa, ile ile ya darasani.

"Hesabuni kwanza, mtalia baadae. Nani kala tende tangu vikombe viwekwe?"

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama, nikamwona Haji anaupitisha ulimi polepole nyuma ya meno, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau mfukoni. Uso wake ukabadilika.

"Mie," akasema.

"Mjomba, nyamaza!" mpwa wake akamnong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Ninyamaze vipi, na utamu bado u mdomoni?" Haji akakitazama kikombe chake. "Nimekula tende moja, nikatafuta pa kuitia kokwa. Mkono umezoea kutia kikombeni. Itoeni. Hiyo haina mtaa, hiyo yangu."

Mwadhini akaitoa ile ya kunata. Nne kwa tatu. Mama wa watoto sita, aliyekuwa amekaa nyuma ya Mwalimu na wanafunzi wenzangu wa kike, alipiga kigelegele ambacho sabla ile haijawahi kukisikia siku isiyo ya harusi, na hakuna aliyemkataza. Wengine wakaitikia. Mlinzi wa benki alinibeba. Nilibebwa, wallahi, mimi na uzito wangu huu.

Haji akajivuta, akasimama, akauchomoa ufunguo kwenye kanzu, akaenda nao mwenyewe mpaka mlangoni.

"Bi Mwalimu. Na fainali?"

"Fainali ntakufungulieni," akasema, akaupokea. "Baada ya darasa."

Jumamosi yake pale Rusayl nilimhadithia Wafula yote, kokwa kwa kokwa. Akazima foklifti kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata kwa meneja.

"Si nilikuambia, boss? Mwisho wa maneno ni mzee mmoja tu!"

Nikakubaliana naye nusu. Kwangu mimi hakuwa mzee, alikuwa khalati. Nilifanya mtihani, nikapita kwa alama ambazo sizitaji, watu wasije wakanionea choyo. Mama wa watoto sita akanipita kwa mbali, na hizo za kwake hazitaji pia, kwa adabu. Na tangu hapo kila barza niliyokaa nilihadithia namna kura moja, ya nyumba moja, ya mwanamke mmoja mwenye unga mikononi, ilivyoiokoa elimu katika Ghuba yote.

Idi hii iliyopita nilikwenda kumpa mkono Mwalimu nyumbani kwake. Darasa sasa wanaliendesha wengine, ufunguo bado anao. Amepungua kidogo, sikio la kushoto lina mashine, umri ni sitini. Sebule ilikuwa imejaa wageni, na mtu mmoja akaniomba nihadithie ile ya kura. Nani wa kunibembeleza mara mbili? Nikahadithia yote, nikamalizia kwa khalati yangu peke yake dhidi ya dunia.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye siku ile mtaa wake nao ulikuwa wa Mwalimu, akacheka kidogo, akaweka kikombe chini. "Kumbe basi sisi wengine tulikuja kula tende tu. Afadhali kura ya mwaka huu nikae nyumbani, mtaa wenu utaamua."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuza lile sikio zima kwangu, akaniashiria nikae karibu yake. Safari hii hapakuwa na ubao, na hakunipa kifutio.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kokwa zilikuwa nne. Igeuze ya mtaa wako, tumeshindwa. Igeuze ya huyu bwana, tumeshindwa vilevile. Na mtaani kwako nyumba zilikuwa tano, igeuze yoyote. Ya khalati yako haikuwa kubwa kuliko hizo nyengine. Ilihesabiwa mwisho tu."